Pima, Dhiraa na Tepu: Namna ya Kupanga Vyumba vya Nyumbani kwa Uwiano

Sofa ya watu saba niliyoinunua miaka kadhaa iliyopita ilipendeza sana pale dukani. Ilikuwa imepangwa chini ya bati lililo juu kama la ghala, imezungukwa na seti nyingine kubwa kuliko yenyewe, nami nikaiona ya wastani, hata nikawa na wasiwasi kwamba nyumbani itaonekana ndogo. Siku ilipoletwa, vijana waliokuja nayo kwenye kirikuu walilazimika kuung'oa mlango wa mbele kwenye bawaba zake ndipo ikapita, na jioni ile tukagundua kwamba mtu akitaka kwenda jikoni ni lazima wengine watatu wapandishe miguu. Sofa haikuwa na kasoro, wala sebule haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipima kwa jicho nikiwa katika chumba kisicho changu.

Chumba kinachotuliza macho hutegemea mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni ukubwa wa kitu ukilinganishwa na mwili wa mtu na chumba chenyewe: kiti kilichonyanyuka kupita kiasi humwacha mgeni miguu ikining'inia, na kabati linalogusa dari hukifanya chumba kionekane kimebanwa kutoka juu. La pili ni uwiano, yaani jinsi vitu vinavyolingana vyenyewe kwa vyenyewe, kama vile meza na sofa, picha na ukuta, taa na meza iliyo chini yake. Inawezekana kabisa kila kitu kikaenea chumbani na bado uwiano ukakosekana, kama pale stuli moja ndogo inapokaa mbele ya sofa nene na kuonekana kama mtoto aliyepotea sokoni.

Anza na mwili, kisha chukua tepu

Wazee wa pwani walipima kwa mwili kabla ya tepu kufika. Shibiri ni urefu wa kiganja kilichokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili hufanya dhiraa moja, ambayo ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, karibu sentimita 46. Na dhiraa nne hufanya pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto, ambayo ni takriban futi 6 au sentimita 183. Vipimo hivi havikufutika na wakati, kwa sababu samani zote tunazozitumia zimetengenezwa kumfuata mtu. Kikalio cha kiti kiko karibu dhiraa moja kutoka sakafuni. Njia ya kupita mtu mmoja kwa raha ni dhiraa mbili. Godoro la sita kwa sita ni pima moja kila upande. Hata Le Corbusier, msanifu majengo aliyezaliwa Uswisi, alipounda mfumo wake wa vipimo katika miaka ya 1940 aliuegemeza kwenye mtu mwenye kimo cha mita 1.83, ambaye akiinua mkono anafika mita 2.26. Bibi yangu, aliyepima mikeka kwa mkono, asingeona jambo jipya hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, simama katikati ya chumba na unyooshe mikono. Ukijua chumba chako kina pima mbili upande huu na pima mbili na dhiraa moja upande ule, utaweza kukibeba kichwani hadi dukani, jambo ambalo tarakimu za sentimita hazikusaidii kufanya. Kisha chukua tepu na upime kwa uhakika: urefu na upana wa chumba, kimo cha dari, upana wa kila mlango na upande unaofungukia, kimo cha kizingiti cha dirisha kutoka sakafuni, na mahali zilipo swichi na soketi. Viandike vyote kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kila kisanduku kikiwa nusu futi, uchore chumba kwa kalamu ya wino na samani kwa penseli.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka, nami naihesabu kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote. Tandaza magazeti ya zamani sakafuni, au chora kwa chaki kama sakafu ni ya saruji, kwa vipimo halisi vya kitu unachotaka kununua, kisha yaache hapo siku mbili na muishi nayo. Ukijikuta unakanyaga gazeti kila unapopeleka chai, basi kitu hicho ni kikubwa, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni saizi ya kawaida.

Sebule

Tuchukue sebule ya futi 12 kwa 14, ambayo ni ya kawaida katika nyumba nyingi za kupanga mijini. Kwa sentimita ni 366 kwa 427. Sofa zangu mbili kubwa zilitazamana katika ule upande mfupi, kila moja ikiwa na kina cha sentimita 105 kwa sababu ya sponji nene ya mgongoni. Ukitoa 210 kwenye 366 zinabaki 156. Meza ya katikati ilikuwa na upana wa sentimita 70, hivyo zikabaki 86, na zikigawanywa pande mbili kila upande ulipata 43. Nafasi hiyo ni ndogo hata kuliko dhiraa moja, na ndani yake kulikuwa na magoti ya watu. Hesabu hii ningeifanya kwa dakika 2 nikiwa bado na fedha mfukoni.

Sasa panga upya chumba hicho hicho. Weka sofa moja ya watu watatu kwenye ukuta wa futi 14, yenye kina cha sentimita 90, na kabati la runinga lenye kina cha sentimita 40 kwenye ukuta unaotazamana nao. Zinabaki 236. Acha sentimita 40 kati ya sofa na meza, weka meza yenye upana wa sentimita 60, na mbele ya meza utakuwa na sentimita 136, ambazo hata mtu aliyebeba sinia la wali kwa mikono miwili atapita bila kuomba njia. Viti viwili vya mtu mmoja vikae pembeni kwa kuelekea meza, na wageni wakizidi, viti vya chumba cha chakula vipo. Ninajua kwamba kwetu sofa ni heshima na kwamba wageni wa msiba au posa huja ishirini, lakini siku hizo hata seti ya watu saba haitoshi, na mkeka huwa ndio unaotuokoa.

Kuhusu urefu, kanuni inayonifaa ni kwamba sofa kuu isizidi theluthi mbili za ukuta inaouegemea. Kwa ukuta wa sentimita 427 hiyo ni kama 285, nayo sofa ya watu watatu yenye sentimita 215 inakaa hapo ikiwa na nafasi ya kupumua pande zote mbili. Ukuta ukijaa kutoka kona hadi kona, jicho halioni tena ukuta, bali linaona shehena.

Jambo ambalo mafundi wengi hawatakuambia usipouliza ni mikono ya sofa. Sofa zinazopendwa siku hizi zina mikono iliyovimba yenye upana wa sentimita 30 kila mmoja, yaani sentimita 60 ambazo hakuna anayezikalia isipokuwa watoto. Ukimwagiza fundi, iwe Keko, Dar es Salaam, au kando ya Ngong Road, Nairobi, mwambie urefu wa kikalio unaoutaka, tuseme sentimita 170, na mikono isizidi sentimita 12. Sofa nzima itakuwa na sentimita 194 badala ya 230, na bado watu wale wale watatu watakaa. Mwambie pia mgongo usipite kizingiti cha dirisha, kwa sababu sofa inayoziba theluthi ya dirisha hukata mwanga na kuufanya ukuta mzima uonekane mfupi. Kizingiti kikiwa sentimita 90, mgongo wa 80 au 85 unatosha. Na kama chumba ni kidogo, dai miguu inayoonekana, ya shibiri moja au pungufu kidogo, kwani sakafu inayoonekana chini ya sofa hukipunguzia kitu uzito kwa macho, pamoja na kurahisisha kufagia.

Meza ya katikati iwe na urefu wa karibu theluthi mbili za sofa, na kimo chake kilingane na kikalio au kiwe chini yake kwa sentimita chache, ili mtu aweke kikombe bila kuinua bega. Kama huna meza ndefu, stuli tatu zilizopangwa karibu karibu hufanya kazi ile ile, na zina nafuu ya kutawanywa wageni wakija.

Zulia ndilo linaloshindwa mara nyingi zaidi, na hushindwa kwa udogo. Zulia la futi 5 kwa 8 likiwekwa katikati bila kugusa sofa yoyote huelea kama mtumbwi uliokatika kamba. Kwa sofa yetu ya sentimita 215, chukua la futi 7 kwa 10, yaani kama sentimita 213 kwa 305, ulilaze kwa urefu sambamba na sofa, na miguu ya mbele ya sofa iingie juu yake. Litazidi sofa kwa sentimita 45 kila upande, na kwenye ncha za chumba zitabaki sentimita 61 za sakafu tupu, ambazo ndizo zinazolifanya zulia lionekane kama zulia. Ikiwa bei ya zulia kubwa haifikiki, jamvi kubwa la ukindu au mkeka mpana chini na zulia dogo juu yake huleta matokeo mazuri, na kwa maoni yangu huwa mazuri zaidi.

Kwa runinga, pima umbali kutoka macho ya mtazamaji hadi kioo, kisha uhesabu kwamba unahitaji kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya ulalo wa kioo. Runinga ya inchi 55 ina ulalo wa sentimita 140, hivyo inataka walau sentimita 210. Kabati lake liwe refu kuliko runinga yenyewe. Ile ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122, kwa hiyo kabati la sentimita 150 au 160 huishika vizuri, wakati kabati la sentimita 100 huifanya ionekane kama itaanguka.

Ukuta na kimo

Katika nyumba nyingi nilizoingia, picha ya harusi na saa ya ukutani hutundikwa karibu na dari, zikiwa zimeinama kidogo kuwatazama watu. Nadhani ni heshima iliyobaki tangu enzi za picha za wazee na za viongozi. Lakini picha iliyo huko juu haina uhusiano na kitu chochote kilicho chini yake. Ishushe hadi kitovu chake kiwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na ikiwa iko juu ya sofa, ukingo wake wa chini usiachane na mgongo wa sofa kwa zaidi ya shibiri moja. Upana wake, au upana wa kundi zima la picha, uwe theluthi mbili za sofa: kwa sofa ya sentimita 215 ni kama 143. Picha sita ndogo za familia zilizokusanywa kwa kuachana sentimita 5 au 6 huhesabiwa na jicho kuwa kitu kimoja kikubwa, ilhali zikitawanywa kuta nne kila moja hupotea peke yake.

Pazia nalo ni chombo cha bei nafuu cha kurefusha chumba. Bomba la pazia likifungwa juu kidogo tu ya dirisha, dari huonekana imeshuka. Likifungwa shibiri moja chini ya dari, na likavuka dirisha kwa sentimita 20 kila upande, dirisha huonekana kubwa kuliko lilivyo. Kitambaa kifike sakafuni. Pazia linaloishia katikati ya ukuta kama kaptula silipendi katika chumba chochote isipokuwa jikoni.

Feni ya dari hupangiwa kimo kwa usalama kabla ya uzuri: mapanga yake yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Kwa dari ya mita 2.6, chagua fimbo fupi. Katika chumba cha watoto chenye kitanda cha deka, usiweke feni ya dari karibu na kitanda hicho kabisa.

Chumba kirefu chembamba

Wengi hulalamika kwamba chumba chao ni chembamba, nami huwakumbusha nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe, Zanzibar. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na mti: boriti ya mkoko iliyobeba dari ya mawe haikuweza kuvuka zaidi ya takriban mita 2.5 hadi 3, hivyo vyumba vikawa virefu kama ujia. Wajenzi walipandisha dari juu, na katika nyumba za Lamu wakachonga zidaka ukutani, safu kwa safu, za kuwekea vyombo vya kaure, ili mapambo yaingie ndani ya ukuta badala ya kutokeza na kula upana. Funzo hilo linatekelezeka hata katika chumba cha kupanga chenye upana wa futi 8: tumia rafu zenye kina cha shibiri moja badala ya kabati la dhiraa moja na zaidi, zipandishe juu, na uweke kitu kimoja chenye uzito mwishoni mwa chumba, mahali macho yanapofikia mtu anapoingia.

Tahadhari ni kutokopa samani za nyumba hizo bila kukopa dari zake. Kitanda cha samadari, chenye nguzo za kuchonga na kimo kinachohitaji kistuli cha kupandia, kilipendeza kwa sababu juu yake kulibaki nafasi kubwa ya hewa. Jirani mmoja aliagiza cha kufanana nacho kwa chumba chenye dari ya futi 8 na nusu, na nguzo za futi 7 na nusu. Anasema hulala kama aliye ndani ya sanduku. Fundi alipunguza nguzo hadi futi 4 na kitanda kikapona.

Chumba cha kulala na meza ya chakula

Kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, watu hung'ang'ania kitanda cha sita kwa sita, kisha wanaweka kabati la nguo mkabala na miguu. Fremu na kichwa cha kitanda huongeza karibu nusu futi, kwa hiyo futi 6 na nusu zimekwenda. Kabati lina kina cha futi 2. Inabaki futi 1 na nusu, na mlango wa kabati wenye upana huo huo utafunguka kwa kukwaruza fremu. Kubadili kitanda kuwa cha tano kwa sita pekee hakusaidii, maana urefu haukubadilika. Kinachosaidia ni kukisogeza cha tano kwa sita hadi ukutani na kulihamishia kabati ubavuni, na hapo kati ya kitanda na kabati hubaki zaidi ya futi 2 na nusu. Anayelala upande wa ukutani atalalamika, na ana haki, kwa hiyo zungumzeni kwanza. Meza ya pembeni ya kitanda ilingane na uso wa godoro. Ukibadili godoro la inchi 6 kwa la inchi 10, meza nayo inahitaji kupanda.

Kwa meza ya chakula, kila mlaji ahesabiwe sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti ziachwe kama sentimita 90 ili mtu asukume kiti na mwingine apite. Meza yenye upana wa sentimita 90 inahitaji basi sentimita 270 za chumba. Zisipopatikana, egemeza benchi ukutani upande mmoja, na taa ya kuning'inia iwe sentimita 75 hadi 90 juu ya meza.

Kusawazisha uzito

Vitu vikishaenea, simama mlangoni na ufumbe macho nusu. Upande unaoonekana mweusi na mzito ndio unaoelemea. Kabati la vyombo la mninga lenye kimo cha futi 7 lina uzito mkubwa machoni kuliko sofa ya kitambaa cheupe yenye urefu maradufu, kwa sababu rangi iliyokoza na kimo vyote huvuta. Huhitaji kununua kabati la pili ili kulisawazisha. Pazia refu, mmea mrefu kwenye chungu kikubwa, au kiti cha kuegemea chenye taa ya kusimama pembeni yake vinaweza kuubeba upande wa pili, mradi kimoja kati ya vitu hivyo kifike walau theluthi mbili za kimo cha kabati. Meza ya kioo na viti vya waya hupunguza uzito; nguo nyeusi, mbao nene na sofa zinazogusa sakafu huuongeza. Pande mbili zikifanana kama mapacha, chumba hugeuka ofisi ya kusubiria, ndiyo maana napendelea kitu kikubwa kimoja huku na vidogo viwili au vitatu kule.

Kisha kaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwangu jaribio hilo ndilo lililoniamulia. Ile sofa kubwa ya pili niliiuza, nyingine fundi akaipunguza mikono na kuibana mgongo, na viti viwili vya mtu mmoja nikavitoa barazani, ambako hakuna ukuta wa kuvibana. Mama mkwe akija, hukaa huko, na hajawahi kuuliza sebule ilikuwaje zamani.